Mikono ya Kushoto

Saa kumi na mbili asubuhi Khalayi alikuwa katika matope ya mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, viatu vya plastiki miguuni, viatu vya ngozi mkononi, na chati ya manila imeviringishwa ndani ya mfuko wa mkate isije ikalowa. Kando yake alitembea baba yake, Mzee Andati, na mbele na nyuma yao walitembea mamia ya watu waliokuwa wakielekea viwandani kusimama langoni wachaguliwe. Kama kuna mtu anayedhani kwamba wavivu wa nchi hii wanaishi katika mabanda, na aje asimame kwenye barabara hiyo saa hiyo. Atasukumwa, na hakuna atakayemwomba radhi, maana anayechelewa langoni halipwi siku hiyo.

"Leo ndiyo wanakuja watahini wenu?" Mzee Andati aliuliza.

"Hawasemi siku, Baba. Lakini mwenzangu wa Kayole ameangaliwa jana, kwa hivyo wako upande huu."

"Na hii ndiyo ya mwisho?"

"Ya mwisho. Nikipita, Desemba navaa joho la kuhitimu."

"Na usipopita?"

"Narudia mazoezi ya kufundisha mwaka ujao, mwezi wa tano mpaka wa nane. Joho nalo lingoje."

Mzee Andati alikuwa amempa binti huyu jina la mama yake mwenyewe, na kwa hiyo tangu binti akiwa mchanga alimwita mama na kumheshimu hivyo hivyo.

"Foreman wa kiwandani nimeshamwambia, mama. Desemba kuna siku moja sitakuja. Akaniuliza kama ni harusi. Nikamwambia ni kubwa kushinda harusi."

Khalayi alicheka. Walipofika kwenye lango la kiwanda cha mabati baba yake akajipenyeza katika umati, yeye akaendelea na safari. Alinunua andazi moja kwa mama mmoja kando ya barabara. Bei haikuwa imepanda, ila andazi lenyewe lilikuwa limekonda kama lililotoka kuugua. Alilimaliza kabla hajafika kwenye kona.

Shule aliyokuwa akifundisha ni ya kutwa, nyuma ya Jogoo Road upande wa Makadara, katika mitaa ya Eastlands. Alikuwa mwanafunzi wa ualimu wa mwaka wa nne, na chuo kilikuwa kimemtuma hapo kwa muhula mmoja ajifunze kazi darasani. Kujifunza ndilo neno lililokuwa kwenye barua. Siku ya kwanza, mwalimu wa hisabati, Bwana Opicho, alimpokea kwa mikono miwili, akamkabidhi mikondo yote minne ya Kidato cha Pili, vipindi ishirini na vinne kwa wiki, akamwonyesha ulipo ufunguo wa kabati la vitabu. Tangu hapo hakukanyaga tena madarasa hayo.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kabla Khalayi hajaja, Opicho alikuwa na vipindi thelathini na vinane. Mwalimu mwenzake alistaafu miaka mitatu iliyopita na mahali pake hapakujazwa. Mtu aliyebeba gunia kwa miaka mitatu akipata wa kumpokea, hamuulizi kama ana umri wa kubeba.

Asubuhi hiyo Khalayi alimkuta mlangoni mwa chumba cha walimu, kikombe cha chai mkononi.

"Madam, Daktari wenu wa chuo ameonekana. Yuko shule ya jirani saa hii, kipindi cha tatu yuko kwako. Usiogope, nimewapanga watoto."

"Umewapanga aje, mwalimu?"

"Mikono. Ukiuliza swali, wote wanainua. Anayejua anainua ya kulia, asiyejua anainua ya kushoto. Wewe unachagua wa kulia tu. Daktari akikaa kule nyuma anaona darasa lote limeshika. Hata mimi ndivyo nilivyopita."

"Na wanafunzi wamekubali?"

"Wamekubali? Walinitafuta wao wenyewe. Wanakupenda, Madam. Wamesema hawataki uanguke kwa sababu yao."

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Ingekuwa hila ya Opicho peke yake, angeikataa bila taabu. Lakini ilikuwa zawadi ya watoto hamsini na sita, na watoto wa Eastlands hawamgawii zawadi mwalimu wa mazoezi hovyo hovyo. Wengi wanaokuja huondoka na jina la utani tu.

Aliketi akafungua madaftari ya Kidato cha Pili Mashariki, yale ya zoezi la jana. Zoezi lilikuwa juu ya mwinamo wa mistari, kile ambacho vitabu vinakiita gradient: mstari umepanda kiasi gani juu, ukigawanya kwa ulivyokwenda kando. Seth, kinara wa darasa, alikuwa amekosea swali la nne, akaandika tisa mahali pa sita. Tisa ile ile ilikuwa imetembea katika madaftari arobaini na mawili. Khalayi aliyafunga. Sasa alijua kwamba darasa lake halikuwa limeelewa kitu, na kwamba mtahini yuko njiani.

Daktari Mugo aliingia kipindi cha tatu kikianza, mtu mzima mwenye koti lililochakaa viwikoni. Alikuwa na wanafunzi tisa wa kuangalia siku hiyo kati ya Kayole na Makadara. Alipewa kiti nyuma, akapokea faili, akalifungua andalio la somo. Lilikuwa andalio safi: malengo matatu, mifano mitatu, zoezi, hitimisho, dakika zote arobaini zimegawanywa. Daktari akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akaanza kuweka alama za vyema kwenye fomu yake.

Khalayi alibandika chati. Ilikuwa na mistari miwili. Mstari A ulikuwa mfupi, umesimama kama mtu aliyeegemea ukuta. Mstari B ulikuwa mrefu, umelala zaidi, ukipanda polepole mpaka pembe ya juu ya karatasi.

"Which line is steeper?" aliuliza. "Ni mstari upi umesimama zaidi?"

Mikono hamsini na sita ikainuka kwa mpigo mmoja. Daktari Mugo aliinua macho, akatabasamu, akaandika.

Khalayi aliwatazama. Mikono ya kulia ilikuwa kumi na mmoja. Alihesabu tena kwa sababu hakuamini. Iliyobaki yote ilikuwa ya kushoto, imenyooshwa juu kabisa, na nyuso zilizokuwa chini yake zilikuwa zikimtazama kwa upendo mtupu, zikimsihi amchague Seth amalize kazi. Seth alikuwa amekaa mstari wa mbele, mkono wa kulia juu, jibu liko mdomoni. Ilikuwa sekunde chache tu. Aliifikiria Desemba. Aliwafikiria wale arobaini na watano, ambao baada ya miaka miwili wangeketi mbele ya karatasi ya mtihani wa taifa wakiwa na mkono wa kushoto tu.

"Triza," akasema.

Triza aliuangalia mkono wake mwenyewe, kana kwamba labda amekosea akainua wa kulia. Ulikuwa wa kushoto. Darasa likageuka kumtazama.

"Mimi, Madam?"

"Wewe. Niambie unavyoona tu."

Triza alisimama. Alikuwa msichana mrefu, mpole, aliyezoea kukaa dirishani ambapo walimu hawafiki.

"B."

"Kwa nini B?"

"Si inafika juu zaidi?" Akasita, kisha akaona afadhali aseme yote. "Madam, sisi tunaishi floor ya sita. Maji ikipotea napandisha mitungi kutoka chini. Floor ya pili haichoshi. Ya sita unafika kama miguu inatetemeka. Kwa hivyo ile inafika juu ndiyo iko na gradient kubwa."

Hakuna aliyecheka. Darasa zima lilikuwa likiitikia kwa vichwa, hata baadhi ya wale wa mkono wa kulia. Kila mtu pale alikuwa amebeba mtungi. Khalayi alisimama na chaki yake akahisi kitu alichokuwa hajawahi kukihisi tangu aanze mazoezi: kwa wiki saba alikuwa amefundisha mistari kwa watu waliokuwa wakisikia ngazi. Walikuwa wanapima kuchoka. Na chati yake, aliyoichora kwa uangalifu mkubwa, ilikuwa inawathibitishia kosa hilo, kwa kuwa ule mrefu ulifika juu kweli.

Alitazama saa. Zilibaki dakika ishirini na nane, na mifano yake mitatu ilikuwa haijaguswa.

"Seth, chukua rula kubwa ya ubao. Wengine daftari na kalamu. Tunaenda kwa ngazi."

"Nje, Madam?"

"Nje. Polepole, watu wanasoma."

Jengo la shule lina ghorofa moja, na ngazi zake za saruji ziko nje. Kutoka polepole ni jambo la kuambiwa tu. Watoto hamsini na sita walimiminika, na Daktari Mugo akawafuata na fomu yake, kalamu imeinuliwa.

Walipima kipandio cha kwanza. Kwenda juu, sentimita kumi na tano. Kwenda kando, thelathini.

"Kumi na tano gawanya kwa thelathini?"

"Nusu!"

"Sasa vipandio viwili pamoja."

"Thelathini juu, sitini kando." Aliyesema hivyo alikuwa mmoja wa wale wa mkono wa kushoto. "Ni nusu tena?"

"Pima vitatu."

Wakapima vitatu. Wakapima vitano. Wakapima mpaka juu kabisa, Seth akiwa amelala kifudifudi na rula, na kila mara nusu ilikuwa inarudi. Wengine walianza kukasirika, jinsi mtu anavyokasirika anapogundua alikuwa anadanganywa na miguu yake mwenyewe.

"Yaani hata zingekuwa floor sita?" mmoja akauliza.

"Wewe unaonaje?"

"Ni ile ile. Nusu."

"Ngoja," Seth akasema, akajipangusa vumbi. "Kwetu ni floor ya kwanza tu. Lakini stairs za hiyo plot, landlord alibana nafasi. Hata mguu haukai wote. Inaweza kuwa ishirini juu, ishirini kando."

"Hiyo ni ngapi?"

"Moja." Akafikiri. "Kumbe ya kwetu ndiyo steep, na ni fupi."

Triza alikuwa amekaa kwenye kipandio cha nne, daftari magotini. Alikuwa amechora ngazi mbili, fupi na ndefu. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Madam," akasema, "kwa hivyo mimi huchoka kwa sababu ya urefu. Sio ya gradient."

Nimewahi kukaa katika mikutano ya walimu ambapo watu wenye shahada tatu walizungumza siku nzima juu ya namna ya kumfanya mtoto aelewe. Hakuna hata mmoja aliyesema jambo zuri kama hilo. Khalayi alitaka kumkumbatia yule msichana, lakini akajizuia, akamwambia aliandike.

Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Kinyanjui, alitokeza kwenye veranda ya juu. "Mwalimu, kuna nini hapa? Form Three wanafanya mtihani wa CAT."

"Tunamaliza, sir. Samahani."

Hawakumaliza. Kengele ililia wakiwa bado ngazini, watu wanne wakibishana kuhusu ngazi za kanisa fulani la Kariokor, na mtoto mmoja aliyeinua mkono wa kushoto saa ile akimweleza mwenzake, kwa Sheng nzito ya mtaani, kwamba gradient ya mstari A ilikuwa mbili na ya B ilikuwa moja, na kwamba ilikuwa wazi tangu mwanzo.

Daktari Mugo alimwita kwenye benchi lililokuwa chini ya veranda. Alikaa na fomu juu ya goti.

"Keti, Khalayi. Nikusomee." Alivaa miwani. "Mifano mitatu, umefanya mmoja, na haukuwa kwenye andalio. Zoezi, hakuna. Hitimisho, hakuna. Malengo, moja kati ya matatu. Lugha, Kiingereza kinatakiwa, na kile nilichosikia pale ngazini sijui ni lugha gani. Usimamizi wa darasa, naibu amelazimika kutoka. Nikijumlisha inakuja arobaini na sita."

"Na kupita ni hamsini."

"Ni hamsini." Aliivua miwani. "Sasa sikiliza. Nimeangalia masomo ya wanafunzi kwa miaka kumi na minane. Somo la leo nitalisimulia nyumbani. Lakini fomu haina mahali pa kuandika hivyo, na nikikuongezea alama bila karatasi, wakubwa wangu wataniuliza. Una kalamu?"

"Ninayo."

"Kaa hapa dakika kumi. Andika andalio lingine, tarehe ya leo. Andika kwamba lengo lilikuwa kupima ngazi. Kama ulipanga ngazi, basi kila kitu ulichofanya ulikipanga. Mimi naondoa hili la zamani, nakuandikia sitini na mbili, tunaagana."

Alikuwa akisema kwa wema, na hiyo ni mara ya pili siku hiyo Khalayi kupewa zawadi. Akatoa karatasi. Akaandika tarehe. Somo, Hisabati. Darasa, Kidato cha Pili Mashariki. Idadi ya wanafunzi, hamsini na sita. Akafika kwenye mstari wa lengo, kalamu ikasimama.

Akilini alimwona baba yake langoni, akimweleza foreman kwamba ile siku ya Desemba haipo tena. Aliona mwezi wa tano mwingine, shule nyingine, matope yale yale. Machozi yalimjia, akayameza, maana hakutaka kulia mbele ya mtu aliyekuwa akimsaidia.

"Daktari, mimi sikupanga hii."

"Najua hukupanga."

"Sikujua walikuwa wamekwama wapi. Triza ndiye amenionyesha, kwa sababu nimemuuliza. Nikiandika kwamba nilijua kutoka asubuhi, hili faili mwakani litapewa mwanafunzi mwingine wa mazoezi. Atawapeleka watoto wengine kwa ngazi bila kuwauliza kitu. Labda hao wa kwake hawachoki. Labda wao wamekwama kwingine kabisa."

Daktari Mugo alivaa tena miwani yake.

"Na chati yangu ilikuwa mbaya. Hiyo pia iandikwe."

"Khalayi, unajua unachofanya?"

"Najua, Daktari. Naogopa sana, lakini najua."

Daktari Mugo akaandika arobaini na sita kwa kalamu ya bluu, na chini yake, katika nafasi ya maoni, akaandika mistari mingi kwa herufi ndogo mpaka ikatoka nje ya kisanduku. Khalayi alitia sahihi. Daktari alimpa mkono kwa heshima, jinsi mtu anavyompa mwalimu mwenzake, akaenda kwa mwanafunzi wa nne kati ya tisa.

Chumba cha walimu kilikuwa kitupu. Khalayi alikuwa bado hajaketi Bwana Kinyanjui alipoingia na rejista mbili kwapani.

"Mwalimu, afadhali nimekupata. Barua ya uhamisho ya Bwana Opicho imefika. Anaenda Bungoma, na ameshaanza kukusanya vitu vyake. Mahali pake hatujaandikiwa mtu. Utashika Form Four zote mbili pia, mpaka tufunge. Wana mitihani ya mocks wiki ya pili. Kipindi cha tano uko Form Four North."

"Sir, nimeanguka."

"Umeanguka wapi?"

"Mazoezi. Nimepata arobaini na sita. Chuo kinasema siwezi kufundisha."

Bwana Kinyanjui alimtazama, kisha akatazama rejista. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye madarasa mawili ya Kidato cha Nne na mlango usio na mtu wa kuufungua.

"Pole sana. Hiyo ni mambo ya chuo, mtaimaliza huko. Hapa sina mtu mwingine."

Khalayi aligeuka akaitazama ratiba kubwa iliyokuwa ukutani, ambayo kwa wiki saba alikuwa akiisoma kila asubuhi kujua aende wapi. Katika kila kisanduku cha hisabati cha Kidato cha Pili kulikuwa na herufi mbili: OP.

"Sir, mbona hapa ni Opicho?"

"Hiyo ni ya ofisi. Wakaguzi wakija, wanataka kuona kila kipindi kina mwalimu aliyesajiliwa."

"Na akishaenda Bungoma?"

"Itabaki hivyo mpaka mwingine aletwe."

Kulikuwa na kalamu nyekundu mezani. Khalayi aliichukua, akasogeza kiti, akapanda. Kwenye Jumatatu, kipindi cha kwanza, akakata OP kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika juu yake KHALAYI kwa herufi kubwa. Akaenda kipindi cha tatu.

"Mwalimu, usiharibu ratiba."

"Siharibu, sir. Narekebisha."

Akakata Jumatatu yote. Akaingia Jumanne. Kengele ya kipindi cha tano ikalia, na kutoka upande wa Kidato cha Nne kelele zikaanza kupanda, kelele za watoto wanaojua hakuna mtu anayekuja. Bwana Kinyanjui alitazama mlango. Akamtazama Khalayi juu ya kiti.

"Darasa linakungoja," alisema.

"Naenda, sir. Zimebaki siku tatu."

Aliendelea kuandika. Na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kutumwa, naibu wa mwalimu mkuu alisimama pale na rejista zake, akangoja amalize.